Kwa vijana mnaoongoza maigizo ya waliotoka kwenye unga

Wanangu,

Igizo la Jumamosi limeniuma. Kijana ambaye bado anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, yaani heroini, kila asubuhi mmemkabidhi bomba la sindano la kweli, mmemfunga mpira mkononi, mmemmiminia unga wa ngano kwenye karatasi, kisha mkamwambia aoneshe alivyokuwa akijidunga. Watu wakashangilia, simu zikarekodi.

Mwili haujui kama ni maigizo. Ukiona sindano na mpira, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, na hamu aliyopigana nayo kwa miezi inarudi kabla hajashuka jukwaani. Wenzake wa soba hausi, nyumba za kuwasaidia walioacha kabisa bila methadoni, wakirudia kipimo cha zamani wanaweza kufa, maana mwili hauwezi tena kukihimili. Sasa ya nini? Watu wa Temeke na Kinondoni unga wanaujua. Waonesheni mama anayemfungia mwanawe mlango, tajiri anayemnyima hata kazi ya kuosha magari, na sisi majirani tunaomwita teja miaka mitano baada ya kuacha. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ioneshwe kwa khanga iliyojikunja sakafuni na ngoma iliyonyamaza. Inatosha.

Kisa kisiwe cha mchezaji mwenyewe. Changanyeni visa vya watu kadhaa, mhusika apewe jina ambalo hakuna mwanakikundi analo. Aliyewahi kutumia acheze mama, mjumbe au konda. Teja achezwe na asiyewahi. Na mkimaliza, kila mmoja avue vazi la mhusika, ataje jina lake halisi na aseme jioni hiyo anakwenda wapi. Dakika kumi tu. Hatua hii mliiruka, kijana akaondoka na shati lile lile la jukwaani.

Mazoezi yasigongane na dozi. Tangu kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilipofunguliwa 2011, dawa kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, na nguvu yake hupanda zaidi kati ya saa mbili na nne baada ya kunywa. Anayesinzia si mvivu. Dakika 90 zinatosha, na uji uwepo.

Acheni kuhubiri mwishoni. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil, alionesha njia: igizo fupi liishie pabaya, lirudiwe, na mtazamaji aseme "Simama!" aingie mwenyewe nafasi ya anayeonewa, ajaribu njia nyingine.

Video zile zifuteni leo. Kijana yule mfuateni kwao usiku huu, na asubuhi mmoja wenu amsindikize kliniki.