Wakala alilinda sanduku, ng'ambo nani alituangalizia?

Mhariri,

Agosti 2017 nilikuwa wakala wa chama katika kituo cha kupigia kura hapa Kilifi. Tulikagua lakiri za masanduku namba kwa namba, usiku kucha, kwa tochi za simu. Karani mmoja alipotaka kwenda msalani akiwa bado ameshika Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, mawakala watatu waliinuka pamoja naye. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiogopana, majirani wa mtaa mmoja.

Miezi saba baadaye runinga ya Channel 4 ya Uingereza ikamwonyesha Mark Turnbull wa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, aliyerekodiwa kwa siri, akijigamba kwamba kampuni yake ilibadilisha sura ya Jubilee, chama kilichokuwa kikitawala Kenya, mara mbili, ikakiandikia ilani, na ikafanya awamu mbili za kuhoji watu 50,000. Hata hotuba, alisema, anadhani waliziandika wao. Jubilee ilijibu kwamba iliajiri tu kampuni yenye uhusiano nayo, SCL, kushughulikia nembo na sura ya chama. Huenda Turnbull alitia chumvi, maana alidhani anazungumza na mteja, na muuza samaki hasemi wake wameoza. Na hakuwa peke yake. Shirika la Privacy International lilikuwa limeeleza mwishoni mwa 2017 jinsi Harris Media ya Texas ilivyohusika na kampeni ya mtandaoni iliyotuonyesha Kenya ikiangamia endapo mgombea wa upinzani, Raila Odinga, angeshinda.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakataza chama kupokea mchango wa mtu asiye raia. Binamu yangu, aliyeukana uraia wetu akachukua wa Oman, hawezi kukipa chama hata shilingi mia. Lakini pesa zikitoka chamani kwenda kwa mgeni ili atutishe sisi kwa sisi, nani anauliza? Kumbuka vyama vikubwa hulishwa na Mfuko wa Vyama vya Siasa, yaani kodi yangu na yako.

Kuhesabu nako ni hivyo hivyo. Mitambo ya 2017 ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo ilitoka kwa kampuni ya Ufaransa, OT-Morpho. Mahakama ya Juu iliamuru sava, yaani kompyuta zinazohifadhi matokeo, zifunguliwe zikaguliwe, tume ya uchaguzi, IEBC, haikutekeleza ipasavyo, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. "Fungua sava!" ukawa wimbo wa mitaani. Mwaka 2022 kazi ilikwenda kwa Smartmatic, yenye makao London, na sava zilipodaiwa tena mahakamani tukasikia habari za haki miliki ya kampuni. Hesabu ya kura zangu imekuwaje mali ya mtu mwingine?

Sisemi tuwafukuze wageni. Kompyuta hazitengenezwi Kilifi. Ninachodai ni kila chama kitangaze, kabla ya kampeni kuanza, kampuni za kigeni kinazozilipa, kiasi gani na kwa kazi gani. IEBC nayo ichapishe mikataba yake yote ya teknolojia tuisome.

Agosti 2027 haiko mbali, na huenda nikaitwa tena kuwa wakala. Mwenyekiti wa tume anijibu kupitia gazeti hili: mkataba wa mara hii una kifungu kinachomlazimisha mwenye mitambo kufungua sava siku mahakama itakapoamuru?

Mpiga kura,
Kilifi