Maandalizi ya Kadi za Idi Zenye Sehemu Zinazosogea

Ndugu wanakikundi, assalamu alaikum.

Jumamosi tutatengeneza kadi ambayo mpokeaji akivuta ulimi wa karatasi uliojitokeza pembeni, jahazi linateleza juu ya mawimbi. Tafadhali njooni na karatasi ya manila ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi na gundi ya kupaka isiyo ya maji.

Ninalowasihi mlizingatie zaidi ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi: ipindeni taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na mstari wa mkunjo unaokubali kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi. Ulimi uliokatwa kwa kufuata nyuzi hizo husukumika bila kujipinda, na hapo ndipo uzuri wa kadi nzima ulipo. Mpasuo wa kuupitishia uzidi upana wa ulimi kwa milimita 1 au 2, na mwisho wa ndani wa ulimi ubandikwe kizuizi kipana kuliko mpasuo, la sivyo mtoto atauchomoa wote kwa mvuto wa kwanza. Gundi ipakwe kingoni tu.

Watakaokuja na watoto wanakaribishwa sana. Visu tutavishika watu wazima.