AC ya Gari Haipoozi? Usikimbilie Kuongeza Gesi

"Fundi, niongezee gesi kidogo tu." Gari lenye AC dhaifu likiingia gereji, hilo ndilo ombi la kwanza, na mara nyingi ndilo kosa la kwanza. Gesi ya AC si petroli. Haiungui wala haitumiki ikaisha. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke. Ikipungua, imetoka mahali. Gari lenye miaka kumi na zaidi laweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira yake bila tundu la kuonekana, hilo tunalikubali. Lakini gesi iliyojazwa Januari ikaisha Machi inavuja, na ukijaziwa tena bila kutafuta tundu, Mei utakuwa umerudi.

Tena magari mengi yanayopuliza joto hayajapungukiwa gesi hata kidogo. Ndiyo maana tunaanza kwa kuuliza: AC inakataa wakati gani?

Baridi barabarani, joto kwenye jamu

Ukitoka Mukono kuja mjini Kampala upepo ni baridi, ukifika Nakawa gari likasimama, unaanza kutoa jasho. Hapo shida iko mbele ya radieta. Kuna kondensa pale, inafanana na radieta nyembamba, na kazi yake ni kutupa nje joto lililochukuliwa ndani ya gari. Gari likiwa mwendoni upepo wa barabara unaipoza. Likisimama, inategemea feni.

Washa injini na AC, fungua boneti, utazame. Ndani ya dakika moja hivi feni izunguke kwa nguvu. Usipeleke mkono, feni ya umeme huanza bila kuaga. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe. Feni inayozunguka kivivu kwa sababu kaboni zake zimeisha inasumbua zaidi kuliko iliyokufa, maana kila anayeitazama anasema ni nzima.

Feni ikiwa nzima, chungulia kondensa yenyewe. Vumbi jekundu la murram, matope, na msimu wa senene ukifika, mabawa na miguu yao: vyote hunasa kwenye mapezi ya alumini. Magari yanayolala karibu na ziwa hujaa wale wadudu wadogo wa Entebbe. Osha injini ikiwa imepoa, kwa mpira wa kawaida wa maji. Mashine ya presha, ile vijana wa kuosha magari wanayoipenda, hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa hata likimeremeta.

Baridi mwanzoni, kisha upepo unakauka

Dereva wa safari ndefu, Kampala hadi Gulu, anaijua hii. Saa ya kwanza raha, halafu upepo unapungua ingawa blowa, feni ya ndani ya dashibodi, iko namba nne. Zima AC, acha blowa iendelee dakika kumi. Upepo ukirudi na maji yakamwagika mengi chini ya gari, basi evapareta, ile kama radieta ndogo ndani ya dashibodi inayopoza hewa, iliganda barafu.

Mara nyingi chanzo ni filta ya kebini. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kidroo cha dashibodi upande wa abiria: fungua kidroo, bana kuta zake mbili kwa ndani, kishushe, uvute trei. Mwongozo wa kawaida ni kubadilisha kila kilomita 10,000 hadi 15,000. Kwa anayeshinda kwenye murram, nusu ya hapo. Magari mengine huja kutoka Japani nafasi ya filta ikiwa tupu kabisa. Vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye evapareta, na kwa kuwa evapareta hulowa kila AC ikiwaka, vumbi linageuka tope na kukauka kama udongo wa kusiliba. Hapo filta mpya haitoshi, lazima evapareta ioshwe. Ikiwa filta ni safi, tunapima sensa ya joto ya evapareta, ile inayoamuru kompresa, pampu inayosukuma gesi, ipumzike kabla barafu haijashika.

Upepo upo, baridi hakuna

Simama karibu na injini, mwenzako awashe AC. Usikie "ta!", klachi inayounganisha kompresa na mkanda wa injini ikishika. Usiposikia, usiseme kompresa imekufa. Angalia fyuzi. Badilisha rilei ya AC na nyingine ya aina ile ile kwenye boksi hilo hilo, mara nyingi ya honi inalingana. Gesi ikiwa chache sana, swichi ya presha huzuia klachi kwa makusudi ili kompresa isizunguke kavu.

Kuna ugonjwa mmoja unaowapotezea watu pesa. Asubuhi AC inashika, saa nane mchana inakataa, jioni inashika tena. Wengi huuziwa kompresa nzima. Bamba la klachi likilika, mwanya kati yake na puli unakuwa mpana. Koili, sumaku ya umeme ya klachi, ikiwa baridi ina nguvu ya kulivuta. Ikipata joto sumaku inalegea na kushindwa. Kwenye kompresa nyingi mwanya unatakiwa uwe kati ya milimita 0.35 na 0.65. Tunaupima kwa geji ya visu, na ukizidi, kuondoa washa moja nyembamba, pete ya chuma, nyuma ya bamba hurudisha klachi kazini.

Klachi ikishika, pima mabomba kwa nyuma ya vidole, kwa haraka. Jembamba liwe la moto, nene liwe baridi na lenye jasho. Yakiwa hivyo na bado ndani ni joto, tazama kilango cha hita ndani ya dashibodi. Huenda hewa iliyopozwa inapitishwa kwenye hita.

Tunapofunga geji za presha

Milango wazi, blowa juu kabisa, injini mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwa gesi aina ya R134a katika joto la Kampala la digrii 25 hadi 28, tunatarajia takriban psi 25 hadi 40 upande wa chini na 150 hadi 220 upande wa juu, na upepo wa kati utoke nyuzi 5 hadi 10. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Zote juu, gesi imezidi, au kondensa haipumui, au kuna hewa ndani. Upande wa chini ukipanda huku wa juu ukishuka, kompresa imechoka. Upande wa chini ukizama hadi vakyumu, valvu ya upanuzi, inayopitisha gesi kwenda kwenye evapareta, imeziba au maji yameganda ndani yake.

Tundu hujitangaza kwa mafuta: doa lenye vumbi lililogandamana kwenye maungio, kwenye valvu ya kujazia, au puani mwa kompresa. Lisipoonekana tunajaza naitrojeni hadi psi 150 na kupaka povu la sabuni. Hatutumii upepo wa kujazia matairi, una unyevu.

Baada ya kuziba, pampu ya vakyumu dakika 30 hadi 45, kisha tunafunga valvu na kusubiri 15 tuone kama sindano inarudi. Vitabu vinasema vakyumu ifike inchi 29 za zebaki, lakini vinasema kwa usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na geji yetu husimama kwenye 25 au 26. Fundi anayekwambia amefikisha 29 hapa, geji yake inahitaji kurekebishwa.

Gesi inaingia kwa mizani. Kibandiko chini ya boneti kinataja gramu: saluni nyingi ni 400 hadi 600, zenye AC ya mbele na nyuma ni zaidi. Gramu 100 za ziada kwenye gari la 450 ni zaidi ya moja ya tano. Presha inapanda, baridi inapungua, kompresa inateseka. Mwenye Prius au haibridi nyingine yenye kompresa ya umeme asikubali mafuta ya kompresa aina ya PAG, hupitisha umeme; aombe yale ya POE yaliyotajwa na mtengenezaji.

Ukija kuchukua gari, dai karatasi yenye namba tano: gramu zilizotolewa, gramu zilizowekwa, presha za pande zote mbili, na nyuzi za upepo. Iweke kwenye kidroo. Baridi ikipungua tena mwakani, gramu zitakazotolewa siku hiyo zikilinganishwa na zilizoandikwa zitatuonyesha kama kuna uvujaji.