Barua kwa mdogo wangu kuhusu saa zake

Görlitz, Ujerumani

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, na baridi ya huku nimekwisha kuizoea. Ujumbe wako wa kuomba fedha za pikipiki nimeupata, na Mama naye amenieleza yote yaliyosemwa kikaoni kwa Baba Mkubwa. Ombi la pikipiki halikuniudhi. Kilichoniuma ni jibu ulilowapa wazee, kwamba unapitisha muda tu mpaka mambo yangu yakae sawa nikuite huku. Mama anatoka alfajiri na kikapu chake kwenda kuchuma chai, umande ukimlowesha hadi magotini, nawe saa nne unakutwa kijiweni ukilinganisha mikeka ya mpira. Muda huo si wako, ndugu yangu. Umekabidhiwa, na aliyekukabidhi atakuuliza habari zake.

Hivi karibuni nilikwenda Herrnhut, mji ule tuliofundishwa katika darasa la kipaimara, kitovu cha Kanisa la Moravian lililowatuma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Walioanza kuujenga mwaka 1722 walikuwa wakimbizi kutoka Moravia, wakiongozwa na seremala, na msitu waliufyeka kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1727, wakiwa bado maskini, ndugu wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa zote za mchana na usiku, kila mmoja akashika yake ya kuomba, na mnyororo huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyesubiri mambo yakae sawa kwanza. Nilitembea katika makaburi yao, ambako mawe yamelazwa chini, ya mkubwa na ya mdogo yakiwa namna moja, nikaisoma Zaburi ya 90 kwa sauti, pale Musa anapoomba tufundishwe kuhesabu siku zetu, na nilikuwa nikikuwaza wewe.

Sisemi usipumzike, kwa maana Bwana mwenyewe aliwaita wanafunzi wake faraghani wapumzike kidogo. Lakini wao walikuwa wametoka kazini. Mimi kila nikitoka zamu ya usiku nilianza kwa neno la siku, katika kile kijitabu ambacho Wamoraviani wanakichapa tangu mwaka 1731, kisha nikasoma Kijerumani kabla ya kulala. Leo nina cheti cha Kijerumani cha kiwango cha B2 na kibali cha uuguzi kamili, wa kwanza katika ukoo wetu, na wanafunzi wa wodi yetu hukabidhiwa kwangu niwaelekeze. Hata hivyo Jumapili, tunapokaa wachache katika kanisa kubwa, moyo wangu huwa Tukuyu, kwenye kwaya yetu na mvua inayopiga bati mpaka mhubiri ananyamaza.

Fedha nimezituma kwenye simu ya Mama, nazo ni za miche ya parachichi. Shamba la bondeni alilotuachia Baba limelala mno. Chimba mashimo asubuhi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, na Jumamosi jioni unipigie unieleze umefika wapi. Msalimie Baba Mkubwa, na umwambie Mama avae yale mabuti niliyomtumia, asiyaweke kabatini.

Dada yako akupendaye