Karatasi ya maji ilivyomwita mama wa watu mhalifu

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu miaka mingi tu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile ripoti yenu ya mwezi uliopita, ile ya miji ya huku Marekani inavyopambana na ubaguzi wa rangi ndani ya ofisi zake, imenikosesha usingizi. Mwandishi wenu kaisifia Seattle na miji iliyoiga, na ushahidi wake mkubwa ni kwamba sa hizi makaratasi ya mji yanatoka mpaka kwa Kiswahili. Jamani, hayo makaratasi mliyasoma?

Mimi ni mtu wa Tanga, huku nina miaka 22, naishi mji mdogo kusini ya Seattle, jina naliweka kapuni kwa ajili ya heshima ya huyo mama nitakaemsimulia. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja kanigongea mlango saa moja usiku, ni jirani yangu nyumba ya nyuma, mtu wa Uvira, Kongo, mkononi kashika karatasi imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Akaniambia, "Papa, unisomee, banasema niko muhalifu." Nikavaa miwani nikasoma. Kweli ni Kiswahili, nembo ya mji iko juu. "Akaunti yako ni mhalifu." Mstari wa chini yake, "Una haki ya kusikia." Basi mimi kwa vile nimeshalipa bili nyingi nikajua walichotaka kusema, kwamba bili imechelewa na anaweza kuomba kikao cha kujitetea kabla maji hayajakatwa, manake kwa Kiingereza chao cha maofisini neno la deni lililochelewa, "delinquent", ndio hilo hilo la kijana mvunja sheria, mashine ikachukua la mvunja sheria na hakuna binadamu aliepitia. Lakini yeye angejuaje? Huyu mama kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 17 kabla hajaletwa huku, na kwa yote aliyopitia, karatasi yenye nembo ya serikali na neno mhalifu maana yake mtu anakuja kuchukuliwa. Kaiweka chini ya godoro siku 12. Siku 12, Mhariri! Taa za mbele kazima, watoto kawakataza kufungua mlango hata akigonga mwalimu. Hiyo "haki ya kusikia" ilikuwa ya siku 10, zikapita akiwa gizani na wanae, na asubuhi ya siku aliyokuja kwangu ndio maji yalikuwa yamekatwa. Nilipoingia jikoni kwake bomba lilikuwa linakohoa hewa tu, binti yake anasuuza vyombo kwa kikombe, kando ya jiko kuna ndoo nne zilizokuwa za rangi ya nyumba, wamechota kwa jirani. Na pesa ya bili alikuwa nayo! Angeambiwa kwa lugha ya kueleweka angelipa siku ile ile.

Kesho yake nikaacha shifti nikampeleka ofisini. Ukutani kuna bango la kukaribisha watu kwa lugha chungu nzima, "Karibu" yetu ni ya tatu toka juu. Dada wa kaunta, mweusi mwenzetu, mpole kweli, akapiga simu ya mkalimani tukangoja dakika 40, mwisho akaja mtu anaongea Kisomali. Yule dada ndie alieona aibu wakati kosa sio lake. Akanambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni wa mkataba wa miezi sita sita, mwaka wa nne huu, hana ruhusa hata ya kufuta ile faini ya dola 75 ya kurudishiwa maji. Mwenye ruhusa yuko ghorofani, na ghorofani sisi hatupandi.

Sasa mimi sikatai kwamba kuna kazi imefanyika. Wapiga kura wa Seattle mwaka 1964 waliikataa, tena kwa zaidi ya kura mbili kwa moja, sheria ya kumwezesha mweusi kupanga au kununua nyumba popote, mpaka halmashauri ilipoipitisha yenyewe 1968, wiki mbili baada ya Martin Luther King kuuawa, na wakati huo Sam Smith, diwani wa kwanza mweusi, ndio ameingia. Central District, mtaa wa Seattle ambao weusi walibanwa humo kwa hati za nyumba za mitaa mingine zilizokataza kuwauzia na kwa mabenki kuwanyima mikopo kwingine, miaka ya 70 watu zaidi ya saba katika kumi walikuwa weusi, leo hawafiki wawili. Bei zimewasukuma kusini, wengi ndio majirani zangu. Kwa hiyo Meya wa Seattle Greg Nickels alipoanzisha 2004 ule mpango wa kuondoa ubaguzi ofisini, idara ziwe zinajiuliza kabla ya kupitisha jambo, nani atanufaika, nani atabeba mzigo, lilikuwa jambo la maana sana na nawaheshimu waliolipigania. Mji wetu nao umeyachukua maswali hayo hayo. Nauliza tu, nani aliyauliza siku ile karatasi ya maji inatoka?

Watasema mikono imefungwa. Kwenye ajira na tenda nakubali imefungwa, jimbo la Washington lilipiga kura 1998 kuzuia serikali kumpa mtu kipaumbele kwa sababu ya rangi, na 2019 bunge lilipotaka kuiondoa wananchi wakakataa tena. Na agizo la Rais Clinton la mwaka 2000 la kuwahudumia wasiojua Kiingereza, Trump kalifuta Machi 2025. Sawa. Ila sheria gani inaukataza mji kumlipa mtu anaejua Kiswahili asome karatasi kabla haijatiwa kwenye bahasha?

Na hapa niwaguse na wakubwa wetu wa jumuiya. Kila mwaka wanaitwa ofisi za mji, wanavaa vitenge, wanapigwa picha na meya, picha inatumwa kwenye magrupu yote. Hakuna hata mmoja alieomba aone hayo makaratasi. Nilimpelekea mmoja ile ya huyo mama akanijibu kwa kidole gumba. Mzee mzima ananijibu kidole gumba!

Ninachotaka ni hiki. Kila karatasi ya Kiswahili, kabla haijatumwa, isomwe kwa sauti kwa watu wawili, mmoja wa Kongo na mmoja wa pwani, wote wamezidi miaka 50, wasiwe waajiriwa wa kampuni ya tafsiri, walipwe dola 50 kila mmoja, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameambiwa afanye nini. Wasipoelewa, karatasi irudi. Faini ya dola 75 irudishwe kwa huyu mama na dada wa kaunta aajiriwe moja kwa moja, na apewe ruhusa ya kufuta faini. Na nyinyi, Mhariri, safari nyingine mtumeni mwandishi aanzie kaunta.

Kama mji unatafuta wa kuanza kusoma, mimi niko tayari, Jumanne siendi kazini.

Msomaji wenu,
Kusini ya Seattle