Bweni jipya lisijengwe uwanjani

Dar es Salaam

Kwako dada Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na mama amepata nafuu. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukuomba kazi, tena isiyo na malipo, kwa hiyo kaa kitako kwanza.

Bodi ya shule imetuletea sisi wanafunzi wa zamani rasimu ya mpango kabambe wa miaka 20 ijayo, tuitolee maoni kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi. Michoro inapendeza, ila bweni jipya la ghorofa wameliweka katikati ya uwanja wa mbele, kati ya bwalo na mabweni ya zamani. Kwamba bweni linahitajika sina ubishi: tangu ada ifutwe kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kwa cha tano na cha sita mwaka 2022, watoto wameongezeka, na Mwalimu Shekue anasema vitanda vimefika hadi koridoni. Lakini uwanja ule ndio unaopokea maji yote ya mapaa wakati wa masika na kuyateremsha taratibu mtaroni. Ukishafunikwa kwa zege, maji yataelekea kwenye misingi ya mabweni ya zamani, ambayo tayari yana unyevu. Nilipitisha kidole kwenye ukuta wa bweni letu: plasta ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa ya zamani inabanduka, na nyuma yake mawe yanatoa unga mweupe wa chumvi, kwa sababu chokaa iliuachia unyevu utoke, na saruji imeufungia ndani. Dawa inayopendekezwa na rasimu ni saruji tena! Mzee Kiango angeisoma angetupa miwani.

Sheria nayo haitatutetea. Sheria ya Mambo ya Kale inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1886; ya enzi ya Mwingereza, kama yetu, ni mpaka waziri ayatangaze. Shule ya Pugu angalau wana jina la Mwalimu Nyerere, aliyefundisha pale hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Sisi tuna jina gani, zaidi ya lile la matroni?

Nirudi kwenye bweni. Nyuma, kule kwenye mihogo ya shule, nafasi ipo, ila mawe ya mipaka hayaonekani tena na nyumba za majirani zinazidi kusogea. Nashuku ndiyo sababu wamekimbilia uwanjani, maana kupima upya ni kugombana na watu. Hapo ndipo ninapomhitaji mpimaji, yaani wewe.

Je, ramani ya upimaji ya zamani bado inaweza kupatikana wizarani? Kurudisha mawe ya mipaka huchukua muda gani, na gharama ni ya shule au ya halmashauri? Tuma bado yupo mipango miji, au alishahama? Na wewe, unaweza kufika Dar kabla ya kikao? Nauli nitatuma mimi, kwa hiyo tafuta kisingizio kingine.

Wako,
Zuhura