Barua kwa mwanangu aliyeingia kazi ya habari

Papa wangu,

Sauti yako ya juzi nimeisikiliza. Unalalamika kwamba mkuu wako huko Lubumbashi anataka habari tano kwa siku, na kwamba ukichelewa kidogo tu, tovuti nyingine imeshaitoa. Unisamehe, nilicheka. Mimi nilianza kazi kwenye gazeti ambalo likichelewa, lilichelewa wiki mbili.

Hatukuwa na mtambo wa kuchapia hapa Bukavu. Tulichapa Bujumbura. Kurasa zilipangwa kwenye kompyuta moja pale Nyawera, umeme ukipatikana. Tukaziweka kwenye flashi, dereva wa basi akapewa flashi hiyo pamoja na dola za mchapaji, akateremka Ngomo, Kamanyola, Luvungi, Sange, Uvira, hadi akavuka mpaka pale Kavimvira. Gazeti likarudi njia ileile, limefungwa kamba chini ya magunia ya mchele. Mvua ikinyesha Ngomo, barabara inakatika, tunangoja. Na mpakani kila mwenye kofia alitaka nakala yake ya bure. Sikuwachukia: angalau walisoma.

Sasa habari gani itangoja wiki mbili? Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zisipoanikwa hazifiki kesho. Redio Maendeleo ilikuwepo tangu 1993, Redio Okapi tangu 2002, na hao walishasema nani amekufa na gavana kajibu nini kabla sisi hatujawasha kompyuta. Kushindana nao ilikuwa ni kujichosha. Tulibaki na yale ambayo redio haikupata nafasi ya kuyauliza.

Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara hiyohiyo ya gazeti letu. Watu wengi walikuwa vibandani wakitazama Kombe la Dunia. Wengine walikwenda kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 230, na kesho yake dunia nzima ilikuwa na habari hiyo. Mimi nilifika baadaye, magari ya waandishi wageni yakiwa yameshaondoka. Nilimkuta mama mmoja anaanika muhogo. Akanipa kigoda, akaendelea na muhogo wake. Moto hakutaka kuusimulia, alishausimulia kwa kila aliyepita. Alikuwa na hesabu zake: nani atalipa shule Septemba, shamba la mpunga linakuwa la nani ikiwa marehemu hakuacha karatasi, na watoto wa dada yake walale kwa nani. Nilijaza kurasa za daftari kwa hayo tu. Gazeti lilipotoka, hakuna hata moja kati yake lililokuwa limepitwa na wakati.

Mengi ya gazeti yalikuwa kwa Kifaransa. Siasa waliandika wanaume. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo na mwanamke, nikapewa ukurasa wa Kiswahili. Walidhani wameniweka pembeni! Nakala moja ikifika soko la Kadutu, mama aliyesoma kidogo aliwasomea wenzake kwa sauti huku anauza. Nilikuwa najipitisha pale kama mnunuzi wa nyanya, nasikiliza. Sentensi ikiwa ndefu, msomaji anakatika katikati, wasikilizaji wanarudia bei ya makaa, na habari yangu imekufa. Tangu hapo, kila nilichoandika nilikisoma kwanza kwa sauti nyumbani. Baba yako alidhani nasali.

Mshahara usiniulize. Mwezi mwingine tulilipwa kwa nakala tukauze wenyewe. Ndiyo maana ile bahasha unayoniuliza, coupage, pesa anazopewa mwandishi na mwenye habari, siwezi kukuambia kwamba ni watu wabaya tu wanaoipokea. Nimeona wazuri wakiipokea, watoto wakiwa na njaa. Lakini sikiliza: anayekupa nauli ya kuja kwenye mkutano wake ameshanunua aya ya kwanza. Ukikosa nauli, nenda kwa miguu, au usiende. Mikutano yenyewe mara nyingi haina kitu.

Hofu ilikuwepo. Serge Maheshe aliuawa hapa Bukavu Juni 2007, Didace Namujimbo Novemba 2008, wote waandishi wa Redio Okapi. Baada ya hapo baba yako alikuwa anakuja kunichukua kila jioni. Mama Solange Lusiku alichukua uongozi wa gazeti la Le Souverain mwaka huohuo wa 2007, akaushika mpaka alipofariki Oktoba 2018. Kila nilipofikiria kuacha, nilijiuliza nitamtazama vipi yule. Mambo ya mji tangu Februari 2025 siyaandiki humu. Simu hupita mikono mingi.

Turudi kwenye habari yako ya soko la Kenya, huko huko Lubumbashi. Umeandika kwamba "baadhi ya wauzaji" wanalalamikia ushuru. Wauzaji gani? Wa samaki au wa nguo? Ushuru ni franga ngapi, anaukusanya nani, saa ngapi, na anatoa risiti au hatoi? Hiyo risiti umeiona kwa macho yako? Kama mkuu wako anataka tano, mpe nne za haraka na hii moja umwombe siku tatu. Akikataa, rudi sokoni Jumapili kwa muda wako, uiandike hata hivyo, kisha unitumie mimi kwanza. Na umpelekee shangazi yako ile dawa, amenipigia tena jana.

Mama yako,
Bukavu